Niliandika asilimia tano kwenye wanzuki ya shangazi, wakamwita mtia gongo

Wakuu, salaam kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Hili jambo nimekaa nalo muda, nikasema kama sitaliandika litaniumiza kifua. Ninayoyaeleza yamenitokea mimi, kwa mikono yangu, na sehemu kubwa yake inanitia aibu, kwa hiyo sina sababu ya kupamba. Jina la shangazi nimebadilisha na kijiji nimekificha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Nina hasira. Nasema mapema ili mtu asije kuniambia "mkuu punguza jazba". Sipunguzi.

Mimi ni mtunza maabara kwenye shule moja ya sekondari hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kuosha vyombo, kuandaa kemikali za practical na kugombana na wanafunzi wanaovunja test tube. Si mwalimu. Ila mtaani wananiita Ticha, na nakiri nilishazoea kuitika.

Shangazi Kabula ni dada mkubwa wa marehemu baba. Anakaa kijiji kimoja mbele kidogo ya Kwihara. Ndiye aliyenilea tangu niko darasa la tatu, na ada ya sekondari ilitoka kwenye wanzuki.

Kwa mlio mbali, wanzuki ni pombe ya asali. Asali, maji, na machicha ya pombe iliyopita ili ichachuke. Basi. Kuna watu wanaweka makorokoro yote humo lakini shangazi hana mambo hayo.

Sasa sikilizeni jinsi anavyoitoa, maana hapa ndipo kila kitu kilipo.

Shangazi hamwachii mtu ajimiminie. Ana kikombe chake cha bati. Anakupa kimoja, anakupa cha pili, halafu anakwambia kaa kwanza. Ukidai cha tatu anakuuliza umekuja na nani na umekuja na nini. Ukisema umekuja na pikipiki, hupati, hata uwe nani. Nimewahi kumwona akimnyima diwani mstaafu, na mzee wa watu akarudi kukaa kama mtoto.

Tangu nipate akili sijawahi kusikia mtu ameanguka kwa wanzuki ya shangazi.

Basi, jirani yake akawa anaozesha binti, mume anatoka Lusu huko Nzega. Wakamwomba shangazi apike wanzuki ya harusi. Mjomba wetu wa Kaliua akaleta asali dumu zima, nzuri, nyeusi, ya miombo.

Na mimi msomi nikaingiwa na wazo.

Nikamwambia, shangazi, wageni wanatoka mbali, tusiwape kwenye ndoo na kikombe kama kilabuni. Tuweke kwenye chupa za nusu lita. Tubandike lebo. Tuandike na kiwango cha kilevi, kitaalamu kabisa. Akaniangalia, akasema kama naona inafaa, sawa. Huyu mama hajawahi kunikatalia kitu, wakuu.

Kiwango cha kilevi tunakipataje? Hapa nitaeleza taratibu, na wale wa biolojia mnisamehe.

Kuna kifaa kinaitwa haidromita. Ni kijiti cha kioo kinachoelea kwenye kimiminika. Maji matupu yanasoma 1.000. Ukiweka sukari au asali, kimiminika kinakuwa kizito, kijiti kinaelea juu zaidi, namba inapanda. Pombe ikichachuka, ile sukari inaliwa na kugeuka kilevi, namba inashuka.

Kwa hiyo unapima siku ya kwanza kabla haijachachuka. Hiyo wenye kazi wanaiita OG. Unapima tena mwishoni. Hiyo ni FG. Unatoa, unazidisha kwa 131, unapata asilimia ya kilevi. Formula ndiyo hiyo, mtoto wa form two anaiweza.

Kumbukeni: haidromita haipimi kilevi. Inapima uzito tu. Kilevi unakikisia kutokana na kilichopungua. Nilijua hivyo siku ile, najua hivyo leo.

Siku ya kwanza nikaenda na haidromita ya shule. Pipa lilikuwa na lita ishirini. Nikapima: 1.058. Nikaandika kwenye daftari, nikapigia mstari chini kwa rula. Nikarudi mjini.

Katikati ya wiki nikampigia simu shangazi. Alikuwa na mbuzi wake mgonjwa siku zile, jike, hali kitu. Nikamuuliza mbuzi anaendeleaje. Akasema anaendelea, mtaalamu wa mifugo alipita. Tukaongea habari za mvua. Halafu akasema, "Nimeilisha jana, na keshokutwa nitailisha tena."

Nikasema sawa shangazi, usisahau na maji.

Msomaji mwenye Kiswahili chake ameshaona. Mimi sikuona.

Baada ya wiki mbili nikarudi. Nikaonja, tamu, laini, inateleza. Nikapima: 1.020. Nikatoa, 0.038. Nikazidisha kwa 131 kwenye calculator ya simu. Ikaja 4.978. Yaani tano kasoro kidogo. Nikamwambia shangazi hii ni kama bia ya kawaida tu, hata mtoto wa chuo anakunywa nne.

Akasema, "Hii si ya nne, baba. Hii ni ya viwili."

Nikamwonyesha daftari. Shangazi anasoma vizuri tu, watu wasidhani. Akatazama zile namba, akanirudishia, akasema wewe ndiye unayejua ya shule.

Nikaenda stationery mjini nikachapisha lebo. WANZUKI YA ASALI HALISI. KILEVI ASILIMIA 5. Rangi ya njano, na picha ya nyuki. Niliwatumia mpaka washkaji kwenye group.

(Naona tayari kuna mtu ameandika "picha tafadhali". Picha hakuna. Nimefuta.)

Siku ya harusi, mchana, jua kali la Tabora mnalijua. Chupa zimepangwa mezani, zinapendeza. Shangazi akaja na kikombe chake cha bati, akasimama pale mezani kama alivyozoea, anataka kuwagawia watu.

MC akamchukua mkono kwa heshima zote, akamwambia kwenye kipaza sauti kwamba bibi apumzike, leo kuna vipimo vya kitaalamu. Watu wakacheka.

Na mimi nikacheka. Nimeahidi ukweli, basi na hilo mlijue.

Upande wa mume alikuwepo mshenga wao, Mzee Masanja, mtu wa Lusu, mtaratibu, mkulima wa mpunga. Akasoma lebo kwa sauti. Akasema bia mbili tatu hazijawahi kumshinda. Akanywa chupa tatu kwa utulivu, anazungumza na wazee wenzake, hana neno na mtu.

Alipoitwa kutoa shukrani akasimama barazani, akashika kipaza sauti, akasema "ndugu zangu". Halafu akaenda mbele mzima mzima, akadondoka kwenye ngazi. Mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika. Sauti yake tuliisikia kwenye spika.

Tulipomwinua ndipo tukaangalia na wengine. Dereva wa Noah ya wageni amelalia usukani, ashukuriwe Mungu gari ilikuwa imezimwa. Mama wa bwana harusi anatapika nyuma ya nyumba, ameshikwa na wifi zake. Vijana wawili wamekaa chini wanalia bila sababu. Harusi ikaishia hapo.

Ndipo mwenyekiti wa kitongoji akatoa hoja yake. Nataka muisome polepole.

Alishika chupa juu, akasema lebo inasema tano. Lebo imeandikwa na Ticha, kwa vipimo. Karatasi haidanganyi. Kwa hiyo kama watu wameanguka, kuna mtu ameongeza kitu baada ya vipimo. Na aliyekuwa na pipa nyumbani kwake ni mmoja.

Neno gongo likazunguka pale uwanjani kwa dakika moja. Kesho yake lilishakuwa gongo na dawa. Keshokutwa nasikia hadi kwenye genge la nyanya kwamba Kabula anatia mizizi. Mwanamke ambaye miaka yote hiyo hawajawahi kumkuta na kosa, siku moja tu ya karatasi ya njano inawatosha.

Mwenyekiti akachukua pipa na vyungu vyake, akapakia kwenye guta, akavifungia ofisini kwake. Akasema kikao Jumamosi.

Na mimi nilisema nini?

Sikusema kitu. Kwa sababu na mimi niliamini karatasi. Karatasi yangu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale najiuliza shangazi ametia nini jamani.

Jumatatu nikachukua chupa mbili zilizobaki nikaingia nazo maabara. Kuna njia ya kupima kilevi bila kujua namba ya mwanzo, ni ya zamani na haihitaji mashine. Unapima pombe ilivyo. Halafu unachemsha mpaka ibaki nusu, kilevi chote kinaondoka na mvuke. Unaiacha ipoe, unajaza maji safi mpaka ujazo ule ule wa mwanzo, unapima tena. Tofauti ya namba mbili inakwambia kilevi kilichoondoka, kuna jedwali lake.

Kabla ya kuchemsha: 1.020. Baada ya kuchemsha: 1.035. Nikaangalia jedwali.

Asilimia kumi na moja.

Nikarudia na chupa ya pili. Kumi na moja ile ile. Yaani Mzee Masanja alidhani anakunywa bia tatu kumbe amekunywa lita moja na nusu ya kitu chenye nguvu ya divai, kwenye jua, na tumboni ana ugali kidogo.

Wakuu, badala ya kujiuliza mimi nimekosea wapi, nilipanda pikipiki mpaka kwa shangazi nimefura. Nilimkuta anapembua mchele. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla hajamaliza kuitikia nikamuuliza, "Shangazi, ulitia nini kwenye lile pipa?"

Akaweka ungo chini.

"Si nilikwambia kwenye simu? Niliilisha. Mara mbili."

Nikamuuliza uliilisha nini. Akasema asali. Pombe ya asali ikishaanza kuchemka yenyewe, siku ya nne unailisha kopo moja, siku ya saba kopo la pili, ndiyo inabaki tamu na inapata nguvu. Asiyelisha anapata maji machungu. Akasema mama yake alikuwa anafanya hivyo na bibi yake alikuwa anafanya hivyo.

NIMEILISHA. Si nimemlisha.

Mbuzi angesema nimemlisha. Pombe, nimeilisha. Herufi moja tu, na mama yule aliitamka vizuri kabisa, mimi ndiye niliyeisikia nikaipuuza. Nakumbuka kilichopita kichwani siku ile ya simu: nikajisemea, Kiswahili cha shamba hicho, mbuzi anamwita "i". Watu wanaoongea Kinyamwezi nyumbani, tunawasamehe.

Mimi nilimsamehe yeye Kiswahili. Mimi.

Nikaomba nione kopo. Ni la mafuta ya kupikia, linaingia kilo mbili za asali, tulipima kwenye mzani wa duka. Kopo mbili, kilo nne. Nikakaa kwenye kigoda nikarudia hesabu hapo hapo.

Kwa wanaotaka kujua: asali iliyoongezwa baadaye haidromita ya siku ya kwanza haikuiona. Lazima uijumlishe kwenye OG, kwa uzito wake na ujazo wake, la sivyo hesabu yako ni takataka. Nilipoijumlisha, OG halisi ikawa 1.102. Toa 1.020. Zidisha 131.

Kumi nukta saba.

Maabara ilinipa kumi na moja. Asali peke yake inanipa kumi nukta saba. Kama kungekuwa na gongo humo, kuchemsha kungeonyesha kilevi kingi kuliko asali inavyoweza kutoa. Hakukuwa na nafasi ya tone la kitu kingine. Njia mbili tofauti, jibu moja, na jibu lenyewe ni kile alichoniambia kwa mdomo: hii ni ya viwili.

Jumamosi nikaenda kwenye kikao na daftari, haidromita na kopo la mafuta. Watu walijaa. Mzee Masanja naye alikuja kutoka Lusu, mkono umefungwa kifuani. Nikasimama nikaeleza yote, nikasema wazi kosa ni langu, mama huyu hajatia kitu, aliniambia kwenye simu na mimi sikumsikiliza. Nikawaelekeza hesabu mara mbili.

Nilijiandaa kutukanwa. Nilijiandaa hata kupigwa.

Wakacheka, wakuu. Mzee mmoja akasema aah, Ticha, ulisikia mbuzi. Kicheko tena. Mwenyekiti akanipiga begani, akasema ni bahati mbaya, kijana wetu amekosea hesabu, nani hajawahi kukosea hesabu. Ikaisha hivyo hivyo. Kosa likiwa la shangazi lilikuwa gongo, dawa, mizizi, vyungu vimefungiwa. Kosa lilipohamia kwangu likawa bahati mbaya, dakika mbili tu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Masanja alimgeukia shangazi akamuuliza, "Mama, ungenipa wewe, ungenipa vingapi?"

"Viwili."

Akatikisa kichwa. Akasema basi ningekuwa na bega langu. Akamwomba radhi kwa yaliyosemwa na upande wake, na akakaa.

Ungedhani imeisha. Haikuisha. Mwenyekiti akasema vyungu virudishwe, ila kwa usalama wa wananchi, kuanzia sasa Mama Kabula asitoe pombe yoyote mpaka Ticha aje aipime na kusaini.

Nisaini mimi! Mimi niliyevunja bega la mzee wa watu kwa calculator, ndiye nimkague aliyenionya. Na watu wakapiga makofi, wanaona hekima imetumika.

Nilianza kukataa. Shangazi akaninyamazisha kwa mkono. Hakupandisha sauti.

"Huyu nimemlisha mimi mpaka akaenda shule. Sitamwomba ruhusa ya chungu changu."

Akafunga kanga yake vizuri, akaondoka. Vyungu hakuvichukua. Viko kwenye ofisi ya kitongoji mpaka leo, wanaegemezea baiskeli.

Nilienda kumwomba radhi, nimeenda mara tatu. Ananipokea, ananipikia, ananiuliza kazi na watoto. Akasema yeye hana kinyongo na mimi, mtoto ni mtoto. Lakini nikigusa habari ya wanzuki anabadilisha mazungumzo. Asali iliyobaki amewagawia majirani, machicha aliyokuwa akiyatunza mwaka hadi mwaka ameyamwagia migomba. Hayo machicha alirithi kwa mama yake, na mimi sijui pa kuyapata mengine.

Sasa kilichonifanya niandike leo. Jana nimekutana na mwenyekiti stendi ya bodaboda mjini. Amechangamka. Akanivuta pembeni, akaniambia binti yake anaolewa, hizi bia za kreti hazina heshima kwa wakwe, hivi mama hawezi kupika hata pipa moja, niende nimsemeshe. Na akaongeza eti safari hii hata nisihangaike na kupima.

Nilimjibu maneno ambayo moderator atayafuta.

Nilichojifunza. Ukipima pombe ya mtu, kwanza muulize ameipika vipi, kila siku aliigusa kwa kitu gani, kisha ufunge mdomo usikie, mpaka viambishi. Kipimo kinajua siku mbili tu, ile uliyokichovya mwanzo na ile uliyokichovya mwisho. Aliyekaa na pipa siku zote za katikati ni yeye.

Hesabu zote nimeziweka hapo juu. Wenye uzoefu wa pombe za asali karibuni mnisahihishe, na mwenye kujua namna ya kumrudisha mama kwenye chungu chake aniambie, nitafanya chochote. Ila naomba kitu kimoja: tukana ukitaka, cheka ukitaka, lakini asitokee mtu humu akaniambia ni bahati mbaya.